Unataka picha za wanyama? Panga saa, si kilomita



Juma hili ninayo barua ya bwana mmoja wa Thika, baba wa watoto watatu. Anasema yeye na mkewe wamekuwa wakiweka akiba katika chama tangu Januari ili mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, wawapeleke watoto Maasai Mara. Kifungua mimba wao amepewa kamera na mjomba wake na tangu siku hiyo nyumba haina amani, ni kuulizia simba tu. Mpango wenyewe ameuandika vizuri: Ijumaa alfajiri watoke Thika, alasiri wawe Mara, Jumamosi wapige picha za nyumbu wakivuka mto, Jumapili wapitie Nakuru kuona heroe na vifaru, na usiku huo wawe nyumbani ili Jumatatu mtu aende kazini. Anachouliza ni kama fedha zitatosha.

Fedha huenda zikatosha, bwana. Kitakachowapungukia ni mwangaza.

Hebu tuhesabu pamoja. Kutoka Thika hadi Mara kupitia Nairobi na Narok ni mwendo wa saa sita au saba, ukihesabu na kusimama kwa ajili ya watoto. Kutoka Mara hadi Nakuru ni nusu siku nyingine, na kutoka Nakuru hadi Thika hazikosi saa nne. Kwa jumla jamaa hii itakuwa barabarani kwa zaidi ya saa 15. Sasa tazama saa za kupiga picha: Ijumaa jioni saa mbili, Jumamosi asubuhi saa tatu, na jioni yake saa mbili tena. Jumapili watafika Nakuru jua likiwa la utosi, kwa hivyo siitii hesabuni. Jumla ni saa saba. Mtu amejinyima tangu Januari apate saa saba!

Utaniuliza, jua la utosi lina kosa gani? Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Jua letu likishachomoza hupanda moja kwa moja hadi juu ya kichwa, na ikifika saa nne mwangaza umekwisha kuwa mweupe na mkali. Kivuli cha mnyama huanguka chini ya tumbo lake, macho yake huwa mashimo meusi, rangi ya nyasi hufifia, na joto linalopanda kutoka ardhini huifanya hewa icheze. Hata ukiwa na kamera ya bei kali namna gani, picha ya mbali itatoka kana kwamba imepigwa ndani ya maji. Simba naye wakati huo amejilaza kichakani na hana habari nawe. Lakini kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri hadi jua linapokaribia kuchwa, mwangaza huja kwa ubavu, una rangi ya dhahabu, na wanyama wako katika shughuli zao. Saa hizo nne au tano za kila siku ndizo unazozilipia. Zilizobaki ni za kula, kulala, na kutazama ndege kivulini.

Sasa tuje kwa nyumbu. Ni kweli kwamba huingia Mara kutoka Serengeti mnamo Julai na kuanza kurudi Oktoba hivi, na kwa hivyo Agosti ni mwezi wao. Lakini nyumbu hawana ratiba ya garimoshi. Kundi laweza kusimama ukingoni mwa Mto Mara tangu asubuhi, likasukumana, likateremka hadi majini, kisha punda milia mmoja akashtuka na wote wakarudi nyuma kwa vumbi. Zile picha unazoziona kwenye televisheni, waliozipiga walikaa pale majuma kadhaa. Mwenye Jumamosi moja tu anacheza kamari, na tena anaicheza katika mwezi ambao malazi ni ghali na magari yamejazana.

Na heroe wa Nakuru? Miaka ya nyuma ziwa lile lilikuwa likipakwa rangi ya waridi ukingo mzima. Tangu maji yalipoanza kupanda mnamo 2010, magadi yake yamezimuliwa, chakula cha heroe kimepungua, na wengi wao wamehamia maziwa mengine kama Bogoria. Vifaru na twiga wa Nakuru bado wapo na wanafaa sana, lakini usimwahidi mtoto bahari ya heroe kisha akakuta maji matupu.

Ushauri wangu ni huu: gawa fedha hizo mara mbili. Kwanza tumia sehemu ndogo kwa siku moja ya mazoezi katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Sehemu kubwa iliyobaki iwe ya mbuga moja tu ya mbali, mkae usiku tatu bila kuhama.

Mbuga ya Nairobi watu wetu huidharau kwa sababu iko mlangoni. Ilianzishwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza nchini, na ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba tu. Ndovu hamna. Lakini simba wamo, nyati, twiga, pofu, mbuni, na ni mojawapo ya mahali pazuri zaidi nchini pa kuwaona vifaru, weusi na weupe. Isitoshe, ina kitu ambacho Mara haina: majumba marefu ya jiji nyuma ya mnyama, na daraja refu la reli mpya linalopita juu ya nyika. Twiga aliyesimama chini ya daraja hilo ni picha ambayo mtu wa Ulaya hawezi kuikuta kwingineko. Ondoka Thika saa kumi na nusu usiku, uwe langoni saa kumi na mbili linapofunguliwa. Wakati wa kiangazi hata gari dogo la nyumbani hupita katika njia nyingi. Mvua ikinyesha usijaribu, udongo ule mweusi hunata na utashinda ukisukuma gari badala ya kupiga picha, mahali ambapo hata kushuka garini ni marufuku.

Watoto wakichoka, kuna mahali pa kushukia na kula, pale zilipochomwa pembe za ndovu: tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, hizi za pili zikiwa nyingi kuliko zote zilizowahi kuchomwa kwa siku moja. Waeleze watoto habari hiyo wakiwa hapo hapo, wakiyatazama majivu. Chakula kishikeni kwa mikono miwili. Nyani na tumbili wa pale hawabishi hodi.

Kwa safari kubwa, mimi ningechagua Amboseli. Ni mwendo wa saa nne au tano kutoka Nairobi kupitia Emali, na lami imefika karibu. Mbuga yenyewe ni ndogo, kilomita 392 za mraba, ni tambarare, na ndovu wake hufuata mazoea: asubuhi huja kutoka nyikani kuelekea vinamasi vinavyolishwa na maji ya Mlima Kilimanjaro, na jioni hurudi walikotoka. Kwa hivyo hulazimiki kukimbia huku na huko ukiteketeza petroli. Chagua mahali karibu na njia yao, zima injini, ngoja. Mlima wenyewe, mita 5,895, uko ng'ambo ya mpaka Tanzania, na kwa kawaida hujifunua alfajiri na magharibi na kujifunika mawingu mchana kutwa. Ndiyo sababu nasema usiku tatu. Ukikaa usiku mmoja na mlima usifunue uso, umeliwa.

Hapo Amboseli, kijana yule wa kamera ningempa kazi maalumu. Tangu mwaka 1972 mtafiti Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia ndovu wa huko mmoja mmoja, na njia yao kuu ya kuwatambua ni picha za masikio. Sikio la ndovu ni kama kitambulisho cha taifa: huyu ana mpasuko, yule ana tundu, mwingine mishipa yake imejichora kama mito kwenye ramani. Basi kijana na apige picha ya kila ndovu kwa upande wa kushoto na wa kulia, na usiku, baada ya chakula, akae na wadogo zake kuzilinganisha. Wa asubuhi na wa jioni ni yule yule? Mama huyu tulimwona jana na mtoto wake? Michirizi ya punda milia nayo haifanani, wala mabaka ya twiga. Mtoto mwenye kazi kama hiyo hakuulizi tena "simba yuko wapi" kila dakika tano, na picha zake zitakuwa na maana kuliko ndovu 40 wasiojulikana.

Kwa mwenye mfuko mwembamba zaidi ipo Tsavo Mashariki. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 husimama Voi, na lango la mbuga liko karibu na mji, kwa hivyo waweza kuja kwa garimoshi na kukodi gari huko huko. Ndovu wa Tsavo hujipaka udongo wa kule mpaka wakawa wekundu kama matofali, na jioni, jua likiwapiga, kamera hupenda rangi hiyo. Ila Tsavo ni pana mno. Mbili zote, Mashariki na Magharibi, ni zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, kwa hivyo kaa karibu na maji, kama pale bwawa la Aruba, usijaribu kuizunguka yote.

Kuhusu majira, likizo ya Agosti ni nzuri kwa sababu ni kiangazi, nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika penye maji. Ubaya wake ni vumbi. Likizo ya Aprili huangukia masika: nyasi humficha simba na njia huharibika, lakini hewa ni safi na mawingu yana sura. Desemba hupendwa na wapenda ndege, kwa kuwa wageni kutoka Ulaya wamekwisha kuwasili, nao ni wageni wenye mbawa wasiolipa malazi.

Nikisema fedha, sitataja viwango vya kuingilia kwa kuwa hubadilika. Uliza wiki moja kabla. Jambo la kukumbuka ni kwamba mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hazipokei noti langoni. Hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, basi lipa usiku wa kuamkia safari ukiwa nyumbani, si alfajiri langoni huku simu inatafuta mtandao na jua linapanda. Mara iko chini ya Kaunti ya Narok na ina utaratibu wake. Chukua kitambulisho cha taifa, kwani bila hicho utahesabiwa mgeni na bei ya mgeni utaijua. Katika malazi, si lazima hoteli ya kitalii. Kuna vibanda vya kujipikia na viwanja vya kupigia hema, na mwenye kulala ndani ya mbuga, au mlangoni kabisa, huamka akiwa tayari ameshafika. Afadhali hema lililo karibu kuliko kitanda kizuri kilicho umbali wa saa nzima.

Sasa vifaa. Watu hudhani bila lenzi ya bei ya shamba hakuna picha. Lenzi ya milimita 300 inatosha kwa wanyama wakubwa, na wako wanaokodisha lenzi kwa siku jijini, basi usinunue kitu utakachokitumia mara moja kwa mwaka. Ukiwa na simu tu, usivute sana kwa vidole, maana simu nyingi zikivutwa kupita kiasi hukata picha na kuikuza, ndipo unapata simba wa vipande vipande. Piga picha pana: mti, anga, mlima, na mnyama akiwa mdogo ndani yake. Au weka jicho la simu kwenye tundu la darubini, ushike kwa utulivu. Jaribuni nyumbani kwanza, utashangaa.

Kitu kinachoharibu picha nyingi ni mkono kutetemeka, na dawa yake haigharimu kitu. Mama ashone mfuko wa kitambaa kigumu, atie kilo mbili za maharagwe, aufunge. Mfuko huo ukiwekwa kwenye dirisha la gari, kamera ikalala juu yake, imetulia kuliko mguu wowote wa chuma. Mkirudi nyumbani maharagwe yanaingia chunguni. Injini izimwe kabla ya kupiga, kwa maana gari zima hutetemeka. Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 au zaidi kwa mnyama anayekimbia, na hata 1/2000 kwa ndege anayeruka, alenge jicho la mnyama, mengine yatafuata. Na afanye mazoezi kwa kuku. Nasema kweli: kijana anayeweza kumpiga picha jogoo anayekimbizana na mwenzake uani, swala hatamsumbua.

Kwa vumbi, chukua leso mbili au kikoi cha kuifunika kamera garini, na usibadilishe lenzi njiani. Betri za ziada na kadi za ziada ni lazima. Zamani filamu ilikuwa na picha 36 tu, mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Siku hizi watu hurudi na picha 2,000 na hawajamtazama mnyama hata mmoja kwa macho yao.

Sasa, msomaji, sogea karibu tuseme jambo zito. Dereva wako atataka kukufurahisha kwa kuwa anatarajia bakshishi, na ukimwambia "sogea kidogo," atasogea. Ukimwambia aache njia, huenda akaacha, na akikamatwa anayelipa faini ni yeye, wewe umekwisha kurudi Thika. Lakini anayeumia zaidi ni mnyama. Utafiti uliofanywa Maasai Mara na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba duma jike anayeishi penye magari mengi ya watalii hulea kwa wastani watoto 0.2 katika kila uzao, ilhali aliye mahali pasipo na magari mengi hulea 2.3. Yaani kule kwenye magari, ni kama mama huzaa mara tano ili amwone mmoja akikua. Duma huwinda mchana, na gari likijiweka kati yake na swala, mawindo yamekwisha, na watoto hulala na njaa. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtupia jiwe. Walikuwa wakipiga picha tu.

Kanuni za Mara zinasema magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja na yasikaribie zaidi ya mita 25. Mimi ningekwambia hivi: ukikuta magari matano, endelea na safari yako. Na kabla hamjaingia langoni, mwambie dereva mbele ya watoto kwamba bakshishi yake iko pale pale hata msipomwona simba. Utaona jinsi mabega yake yatakavyoshuka. Kuanzia hapo ataendesha taratibu, atazima injini bila kuambiwa, na huenda akawaonyesha mambo ambayo kwa kawaida huyapita mbio.

Na picha ya kifaru, ukiibahatisha, ionyeshe upendavyo lakini usitangaze mtandaoni ni bonde gani na saa ngapi. Mwaka 1970 vifaru weusi nchini walikadiriwa kuwa 20,000, na kufikia mwisho wa miaka ya 80 walikuwa wamebaki chini ya 400. Leo wamepita 1,000 kwa jasho la askari wanaokesha porini. Simu nyingi huandika mahali ndani ya picha yenyewe, kwa hivyo zima kidude hicho kabla ya kuingia. Ndege ndogo za kamera, zile zinazorushwa, ziacheni nyumbani, haziruhusiwi bila kibali.

Mkisharudi, usiku ule ule hamisha picha kutoka kwenye kadi na uziweke mahali pawili. Siku ya pili kaeni wote mezani, mfute zisizofaa, kisha kila mmoja achague tatu zake, hata yule mdogo ambaye atachagua picha ya gurudumu la gari au ya nyani aliyewaibia mkate. Zipelekeni studio zikachapishwe kwenye karatasi, msiziache zife ndani ya simu. Nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli laini mahali, tarehe na saa, na jina la aliyepiga. Msitumie kalamu ya wino, kwani wino huvuja na baada ya miaka michache utaonekana usoni mwa ndovu.